Sekunde Sita na Maili Mbili

Jioni ya tarehe 10 Juni 1977, wafungwa saba walipanda ukuta wa gereza la Brushy Mountain, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kwa ngazi waliyoiunga wenyewe, wakatokomea msituni. Mmoja wao alikuwa James Earl Ray, aliyefungwa kwa kumuua Martin Luther King. Msako ulikuwa mkubwa, lakini kilichomshinda Ray hasa ni ile milima: miteremko mikali, vichaka vya miba, vijia vinavyoanza vizuri na kufia porini. Siku ya tatu mbwa walimnusa akiwa amejifukia kwenye majani. Alikuwa amekaa nje saa 54 hivi, na mahali alipokamatwa palikuwa maili 8 tu kutoka gerezani, kama kilomita 13.

Habari hiyo ilimchekesha mkimbiaji mmoja wa masafa marefu wa jimbo hilohilo, Gary Cantrell. Saa zote hizo, maili 8? Yeye angekwenda 100! Utani ukazaa mashindano. Mwaka 1986 Cantrell na wenzake walianzisha Barkley Marathons katika hifadhi ya Frozen Head, jirani na gereza lile. Siku hizi mkimbiaji hutakiwa kufanya mizunguko mitano, kila mmoja ukihesabiwa kuwa maili 20, yaani kilomita 32, na yote iishe ndani ya saa 60. Hadi kufikia mwaka 2024, waliowahi kuimaliza walikuwa watu 20.

Kabla hatujaendelea, nina neno na ule utani, kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo karibu kila anayekimbia porini hulifanya. Zile maili 8 za Ray zilihesabiwa kutoka gerezani hadi pale mbwa walipomkuta. Maili 100 za Cantrell ni za nyayo, kona kwa kona. Ray alizunguka, alirudi nyuma, alijificha mchana, pengine alipita bonde moja zaidi ya mara moja, na hakuna aliyekuwa nyuma yake akipima. Kwa hiyo mbio maarufu kuliko zote za njia zisizo na alama zilizaliwa kwa kulinganisha umbali wa mahali na mahali na urefu wa njia aliyoipita mtu. Barabarani vitu hivyo viwili hukaribiana, na ndiyo maana tumezoea kuvichanganya. Porini huachana vibaya.

Cantrell mwenyewe, kwa bahati au kwa werevu, aliitengeneza Barkley isitegemee urefu hata kidogo. Njia haina vibao wala utepe. Siku moja kabla ya mbio ramani moja huwekwa mezani na kila mshiriki huinakili kwa kalamu yake kwenye ramani aliyokuja nayo, kisha hupewa karatasi ya maelekezo. Dira inaruhusiwa. Saa ya GPS ni marufuku. Njiani kumefichwa vitabu, kimoja chini ya jiwe, kingine kwenye tundu la mti, na kila mkimbiaji huchana ukurasa unaolingana na namba yake ya kifuani. Akirudi kwenye geti la njano ambako mzunguko huanzia na kuishia, Cantrell huzipokea kurasa na kuzihesabu mbele yake. Haulizi umekimbia maili ngapi. Anataka ushahidi kwamba ulifika hapa, na pale, na pale.

Ile namba 20 nayo ni ya kuandikwa tu. Wakimbiaji wengi waliowahi kuingia kule husema mzunguko unakaribia maili 26, yaani marathoni nzima. Cantrell hushikilia 20 yake, nadhani kwa raha ya kuona watu wanavyokasirika.

Sasa njoo Aprili 2017. Gary Robbins wa Kanada na John Kelly, Mmarekani aliyekulia karibu na milima hiyohiyo, walikuwa wamebaki wawili wakielekea kumaliza. Kwa taratibu za Barkley, mzunguko wa tano wakimbiaji wanaoongoza hutenganishwa: mmoja hupita upande huu, mwingine upande ule, ili wasisaidiane kutafuta njia. Kelly alimaliza kwa saa 59, dakika 30 na sekunde 53, akiwa amejifunika mfuko wa plastiki aliouokota njiani kujikinga na baridi. Watu wakabaki kando ya geti wakimsubiri Robbins, macho kwenye kijia atakakotokea.

Robbins alikuwa amekwisha kuchana kurasa zote. Kitabu cha mwisho kilikuwa nyuma yake, kilichobaki ni kurudi kambini. Alikuwa kwenye siku ya tatu, usingizi umemlewesha, na mlimani kulikuwa na ukungu mzito. Akashika kijia kisicho chake na kushuka upande mwingine wa mlima. Alipogundua, muda wa kupanda tena haukuwepo. Akavuka mto uliokuwa umejaa maji ya mvua, akashika barabara, akakimbia kwa nguvu zote alizobakiza mwilini, akaligusa geti. Saa 60 na sekunde 6. Akaanguka chini pale pale, akijitetea kwamba kurasa anazo zote.

Sekunde sita! Habari ikaenea duniani kwa jina hilo. Watu waliona video yake akiwa amelala kwenye lami na kumlilia: mtu kahangaika siku mbili na nusu, kakosa kwa muda wa kufunga kamba za kiatu. Ilibidi Cantrell aeleze baadaye, na alieleza bila kupaka sukari. Robbins hakukosa kwa sekunde sita. Alikosa kwa takriban maili mbili za njia ambazo hakuzikimbia, na alitokea upande ambao hakuna anayepaswa kutokea. Angefika robo saa kabla ya muda, jibu lingekuwa lilelile.

Sisemi haya kumsimanga. Aliyekimbia saa 60 porini bila kulala na akakosea njia kwenye ukungu hana la kuaibikia, na mwaka uliofuata alirudi akajaribu tena, ingawa mwaka huo hakuna hata mmoja aliyemaliza. Ninachokitazama ni sisi tuliokuwa nje. Mbele yetu palikuwa na upungufu wa aina mbili, mmoja wa sekunde sita na mwingine wa kilomita tatu na kitu, nasi tukaulilia ule mdogo kwa sababu saa ilikuwa imetuandikia. Wa kilomita haukuwa na kioo cha kuuonyesha. Hapo ndipo penye funzo kwa kijana anayeamka alfajiri kukimbia vijia vya Ngong, vya Magamba kule Lushoto, au njia za moramu nje ya Iten: mbio zina vipimo viwili, na kile kinachosomeka kirahisi hukifunika kingine.

Hata barabarani, kwenye lami iliyonyooka, urefu umewahi kuwadhalilisha wakubwa. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:13 na kutangazwa kuwa mwenye muda bora zaidi duniani, akiipita rekodi ya Derek Clayton ya mwaka 1969 kwa sekunde 20 na ushei. Miaka michache baadaye njia ilipimwa upya ikakutwa fupi kwa mita 148. Piga hesabu: kwa mwendo aliokuwa nao, karibu dakika 3 na sekunde 3 kwa kila kilomita, mita hizo zilikuwa na thamani ya sekunde 27. Rekodi ikaenda na mita zake.

Ndiyo maana njia za marathoni leo hupimwa kwa baiskeli. Kifaa chenyewe ni kihesabio kidogo kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele, alichokitengeneza Mmarekani Alan Jones mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinachopendeza ni jinsi wapimaji wasivyoliamini gurudumu lao. Kwanza wananyoosha futi kamba ya chuma kwenye barabara iliyonyooka, angalau mita 300, kisha wanaipita kwa baiskeli mara nne ili kujua kihesabio kinasoma ngapi kwa urefu unaojulikana. Kazi ikiisha wanarudi na kuipita mara nne tena, kwa sababu joto la mchana hupanua upepo kwenye tairi na gurudumu la adhuhuri si lile la alfajiri. Kwenye kona wanapita sentimita 30 kutoka ukingoni, pale ambapo mkimbiaji mjanja atapita. Baada ya yote hayo, bado wanaongeza kwa makusudi mita moja katika kila kilomita, ili kama wamekosea, njia iwe ndefu kuliko kuwa fupi. Kwenye marathoni nzima hiyo ni mita 42 za kujihami.

Ukijua kwamba wenye lami wanahangaika hivyo, utaiangaliaje namba ya saa yako ukitoka msituni? Baiskeli kule haisaidii sana: gurudumu linaruka juu ya mizizi, linateleza kwenye matope, na kwenye mwamba utaibeba begani. Basi kila mtu ametegemea setilaiti. Nenda na wenzako watatu kwenye kijia kimoja, mtoke pamoja mrudi pamoja, kisha msikilize ubishi pale mnapojinyoosha: huyu ana 16.8, yule 17.4, wa tatu 17.1, na kila mmoja anaitetea saa yake kama shabiki wa Simba au Yanga.

Mwenye kosa si lazima awe saa mbovu. Setilaiti za GPS zipo kilomita 20,200 juu yetu, na kwenye uwanja ulio wazi kifaa cha kawaida hukadiria mahali ulipo kwa kukosea mita 5 hivi. Saa huchukua nukta, kisha nukta nyingine, na kuziunga kwa mstari mnyoofu. Sasa chukua kijia kinachopanda mlima kwa kona za kujipinda. Kona moja ya nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 5, miguu yako huipita kwa karibu mita 16. Saa iliyochukua nukta moja pale kona inapoanza na nyingine inapoisha itaandika mita 10. Kona thelathini za namna hiyo, umepoteza mita 170 na zaidi, na jasho umelitoa lote. Hutokea hasa kwa saa au simu iliyowekwa kubana matumizi ya betri, inayochukua nukta kwa kuruka sekunde kadhaa.

Kinyume chake pia hutokea. Simama chini ya miti mikubwa ukinywa maji, au pita kwenye korongo lenye kuta za mawe, na nukta zitaanza kutangatanga kushoto na kulia kwa sababu mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia. Saa inazihesabu zote. Umesimama, na kilomita zinaongezeka. Kwa hiyo huwezi hata kusema kwamba saa hupunguza daima au huongeza daima ukaisahihisha kwa kadirio moja. Inategemea miti, kona na mwendo wako wa siku hiyo.

Kabla ya setilaiti kulikuwa na nyayo, na ningependa tusizidharau. Mwaka 1865 Waingereza wa idara ya upimaji nchini India walimtuma Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka milimani, aipime njia ya kwenda Lhasa, Tibet, wakati ambapo wageni walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Alikuwa amefundishwa kupiga hatua za urefu uleule akipanda, akishuka au akiwa tambarare. Mkononi alibeba tasbihi. Ya Kibudha huwa na punje 108. Yake ilikuwa na 100, na kila hatua 100 aliachia punje moja, hivyo duru moja ya tasbihi ilikuwa hatua 10,000. Walinzi wa njiani walimwona mcha Mungu.

Hatua za Nain Singh zilifaa kwa sababu alikuwa akitembea, tena alikuwa amezinoa kwa mazoezi marefu. Mkimbiaji hawezi kuwa nazo, maana hatua yake ya kushuka ni ndefu mno kuliko ya kupanda. Lakini kijia unachokikimbia kila wiki, unaweza kukipima mara moja kwa kutembea. Nyoosha kamba ya mita 50 kwenye sehemu tambarare, uhesabu hatua zako, rudia kwenye mteremko na kwenye mpando, kila sehemu uipe hesabu yake. Itakula asubuhi nzima na utaonekana kituko kwa wachunga mbuzi. Ukimaliza utakuwa na namba uliyoipata wewe, na unajua ilivyopatikana.

Kuna imani nyingine inayopaswa kung'olewa, kwamba milima ndiyo inayofanya saa idanganye kwa kuwa haioni mwinuko. Mpando wa mita 100 ndani ya kilomita moja, ambao unauma kweli, unaongeza urefu wa njia kwa mita 5 tu. Mpando wa mita 200 unaongeza kama 20. Mlima hauko kwenye kilomita, uko kwenye dakika. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alilijua hilo tangu mwaka 1892 alipotoa kanuni yake: kwa anayetembea, weka saa moja kwa kila maili 3, kama kilomita 5, halafu ongeza saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, kama mita 600.

Ijaribu kanuni hiyo kwenye Barkley. Mizunguko mitano ina kupanda kwa jumla ya futi 60,000 hivi, zaidi ya mita 18,000, basi mmoja una futi 12,000. Naismith anakupa saa 6 za kupanda na saa 6 na dakika 40 za maili 20. Mara tano, inakuwa saa 63 na dakika 20: mtembea kwa miguu anakaribia kumaliza mbio zinazowashinda wanariadha! Weka maili 26 badala ya 20, na inafika saa 73. Zile maili 6 za kila mzunguko anazozikataa Cantrell zina uzito wa saa 10 kwa jumla, bila kuhesabu giza, miba na kutafuta vitabu.

Kwa sababu hiyo nawaelewa wanaopanga mazoezi yao kwa muda. Fartlek ya Iten, yaani mazoezi ya kubadilisha kasi, huendeshwa kwa dakika, moja ya kasi, moja ya taratibu, hadi idadi itimie, na mwinuko wa mita 2,400 na vilima vyake havibadilishi hesabu. Dakika unaibeba mwenyewe, popote njia ilikopinda. Anayesisitiza kilomita 30 kila Jumapili kwenye njia asiyoijua ataongeza kilomita mbili za mwisho ili kuijazia saa iliyopoteza kona, na goti litalipa.

Ila muda nao una hila yake, hasa Iten na Lushoto, ambako mara nyingi unaanza kwa kushuka. Ukiteremka kutoka ukingoni pale Iten kuelekea bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, utasema umetumia saa moja, basi nitarudi kwa saa moja. Kwa kanuni ya Naismith, mpando wa kurudi peke yake una zaidi ya saa moja na nusu, kabla hujahesabu urefu wa njia, nawe sasa umechoka na jua limepanda. Maji ya chupa moja uliyoyagawa nusu kwa nusu yataishia katikati ya ukuta. Anayeanza kwa kushuka ageuke mapema, theluthi ya muda wake ikitimia.

Na nyumbani usiwaachie kilomita. Mama hana la kufanya na 22. Mwambie unapita wapi kwa majina anayoyajua, kwamba utavuka kijito chini ya shule, utapita kanisani, utageukia kwenye mnara wa simu, na kwamba ikifika saa tano hujarudi, aanze kupiga simu.